Tarumbeta la Babu na Zamu ya Kuomba

12 Januari

Shikamoo Bibi, mke wangu mkubwa,

Naomba barua hii ikukute umekaa wima na miwani machoni, maana ukisoma umelala unasinzia katikati, halafu unanisingizia kwamba nimeandika mistari miwili. Mimi ni mzima. Mke mwenzako naye ni mzima, anakusalimia sana, yuko uani anajitoa rangi kwenye nyusi kwa mafuta ya taa. Gari alilopaka leo gereji lilikuwa la kijani. Goti lako je? Na yule jogoo uliyeapa kumchinja tangu mwaka juzi, bado anakutawala?

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unayoijua. Simu yako anakaa nayo shangazi, na shangazi akipokea anaweka sauti kubwa, mimi nikikohoa huku majirani zako wote wananipa pole. Haya ya leo ni ya mtu na mkewe mkubwa tu.

Unakumbuka siku ya harusi yangu na mke mwenzako, mchungaji alitupa wosia mmoja peke yake, kwa vile alikuwa na harusi nyingine saa nane. Kila jioni baada ya kula, alisema, ombeni pamoja, kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, msije mkalala mmenuniana. Tukala kiapo. Huu mwezi wa tano hatujaruka hata siku moja, na kanisani wanatutolea mfano. Laiti wangesikia!

Wiki ya kwanza tuliombea yatima, wagonjwa na viongozi. Wiki ya pili mke mwenzako akafumba macho, akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Bwana, mkumbuke mja wako anayetupa taulo bichi kitandani. Mfungue macho aone msumari niliompigilia ukutani." Ningefanya nini? Nikasema amina. Zamu yangu ilipofika nikamshukuru Bwana kwa mke mchapakazi, nikamwomba pia amkumbushe kwamba chai huletwa mezani ikiwa bado ya moto. Naye akasema amina, ila ilitokea puani.

Tangu hapo ni mahakama, Bibi. Mchana hatugombani kabisa. Tunatunza. Ikifika jioni kila mtu anafumba macho na kutoa mashtaka yake. Juzi ameniombea niponywe kukoroma, mimi nimemwombea apungukiwe na drafti. Maana Jumamosi zake zote zinaishia kwa kinyozi wa kona, anacheza na wanaume wenye ndevu zao, na anawafunga. Amemfunga hata mzee wa kanisa, mpaka sasa mzee ananyolewa mtaa wa pili.

Mimi nami nimepata changu: tarumbeta. Mpigaji wa bendi ya kanisa amehama, na mwezi wa sita tunazindua paa jipya. Nimejitolea. Nikitoka kurekebisha mizani za watu kutwa nzima, napuliza saa nzima mlangoni. Ila hili la kanisa limebonyea, na kitufe cha tatu kikizama hakirudi. Ndiyo maana naomba uniletee lile la Babu, lenye kung'aa. Nilikuwa namsikia nikiwa mdogo, na najua kipawa hiki kiko kwenye damu yetu. Mpe mtu wa vifurushi, atanifikishia.

Mumeo mdogo,
fundi mizani


9 Februari

Marahaba mume wangu,

Barua nimeipata, na nimeisoma nimekaa wima kama ulivyotaka, chooni, maana huko peke yake ndiko shangazi yako hanifuati. Goti linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Jogoo mzima, mimi ndiye niliyepungua. Shangazi yako amejiunga na kikundi cha kufunga na kuomba siku tatu kwa wiki. Anafunga yeye, lakini ile hasira ya njaa naila mimi.

Hayo ya mahakama yenu nimecheka mpaka jino likacheza. Nimebaki na kumi na moja, nihurumie. Mke mwenzangu mpe heko kwa huo msumari. Mwambie pia mimi nilianza drafti baba yake hajaota hata ndevu, na kwamba hao wanaume wa kinyozi ni wa kujipasha mkono tu. Aje huku nimfunge mpaka asahau rangi ya kete zake. Kuhusu maombi, je, Mungu amelalamika? Kama hajalalamika basi endeleeni, ila wewe usichungulie wakati mwenzio anaomba. Nakujua. Tangu utoto ulikuwa unafumba jicho moja.

Tarumbeta lipo kwenye sanduku chini ya kitanda. Sanduku lina kufuli, na ufunguo sijui niliuweka wapi. Babu yako alipiga tarumbeta miaka thelathini na minane, kila jioni akitoka kazini na kila Jumapili, Mungu amlaze pema. Hiyo ndiyo habari yake.

Hapa mvua zimeanza. Taulo weka kwenye msumari.

Mkeo mkubwa,
mwenye meno kumi na moja


5 Machi

Shikamoo Bibi,

Tunaendelea. Nimepata kazi ya kupima upya mizani zote za hospitali, mpaka zile za vitoto vichanga. Kitoto kimoja kimenikojolea mkononi, na mizani ikasoma sawasawa kabla na baada, nimefurahi sana. Msalimie shangazi, mwambie tunamwombea apate hamu ya kula.

Ufunguo umeuona? Angalia ndani ya ule mkebe wa vifungo. Angalia pia chini ya godoro. Kama haupo, mwite fundi akate hiyo kufuli, nitamlipa mimi. Bibi, nakueleza kwamba bila tarumbeta la maana hapa nyumbani mambo hayatakaa sawa.

Ilikuwa jioni moja tumekula tumeshiba, mke mwenzako akafumba macho. Nilitega sikio nikijua ni taulo. Kumbe wapi. Akasema: "Bwana, ni kuhusu hili tarumbeta. Kama kipawa hiki umempa wewe, basi nibadilishie masikio. Kama hukumpa, naomba umwambie wewe mwenyewe, maana mimi naogopa kumvunja moyo."

Ndiyo, nilichungulia. Alikuwa amefumba macho kikwelikweli, hata paji la uso limekunjamana. Hakuwa anatania. Hapo ndipo iliponichoma. Taulo ni taulo, Bibi, lakini mtu kukuombea upumbavu wako kwa huruma namna ile, aka! Zamu yangu ilipofika nami nikajibu kidogo.

Tangu siku hiyo haombi. Chakula anapika, kazini anakwenda, na mwenye nyumba akija wanacheka vizuri. Ila jioni mimi nikimaliza kuomba na zamu yake ikifika, anasema "Amina" tu, anainuka anakusanya vyombo. Leo siku ya kumi na tatu. Nimejaribu kumchokoza, nimemshtaki kwa Mungu hata kwa makosa ambayo hakufanya. Amina.

Sasa ningekuwa na lile la Babu angesikia tofauti. Shida ni hiki kitufe cha tatu, si mimi. Babu alikuwa na bahati yake, alipata mke wa kumsikiliza.

Mumeo mdogo


30 Machi

Marahaba,

Leo sina salamu ndefu. Goti liko mahali pake. Shangazi yako yumo. Jogoo amemkimbiza mtu wa vifurushi, ndiyo maana barua yako nimeipokea imekanyagwa.

Unasema ulijibu "kidogo." Hicho kidogo kina uzito gani? Wewe si fundi mizani? Kiweke juu ya sahani, unisomee namba. Maneno ya mke mwenzangu umeniandikia yote, neno kwa neno, mpaka makunyanzi ya paji la uso. Ya kwako umeyapitisha mlango wa nyuma. Mimi ni mtu mzima, mume wangu, na nimelea wanaume wanne pamoja na babu yako. Mwanamke haachi kuomba kwa sababu ya kitufe cha tatu.

Usinijibu habari nyingine mpaka umejibu hiyo.

Ufunguo bado.

Mkeo mkubwa


2 Mei

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kuchelewa, kazi zimenibana. Hospitali wameongeza wodi nzima, halafu bucha tatu zimenikamata kwa pamoja. Mzima mimi. Mke mwenzako hajambo, kwa sasa yuko kwa dada yake. Gereji yao imepata kazi ya kupaka rangi mabasi, na kwa dada yake ni karibu zaidi, basi tukaona arahisishe.

Bibi, hayo ya juu ni uongo. Siyafuti kwa sababu hii ndiyo karatasi yangu ya mwisho, na duka limefungwa. Mabasi yapo kweli. Lakini kwa dada yake si karibu, ni mbali kuliko hapa.

Nilichosema jioni ile ni hiki. Nilisema: "Bwana, nilipokuomba mke nilikutajia sifa zake moja baada ya nyingine, na wewe ukaniletea huyu. Sikulaumu. Ila kama kulikuwa na mwingine nyuma yake kwenye foleni, ujue kwamba mimi ningesubiri."

Haki ya Mungu nilidhani ni mzaha. Ni michezo yetu ile ile, nilijiambia, kanipiga nami nimpige. Nilipofumbua macho alikuwa ananiangalia. Akasema "Amina." Yaani hilo ndilo alilolisemea amina, na sikujua ni amina ya kunifungia.

Akavumilia zaidi ya mwezi. Siku moja nimerudi kutoka kazini nikakuta kabati lake tupu, bodi ya drafti haipo, na karatasi mezani: "Nimekwenda kwa dada. Huenda foleni imesogea." Hata ule msumari wa taulo ameung'oa. Limebaki tundu, nalitazama kila nikitoka kuoga.

Kanisani nimesema ana safari ya kikazi. Mchungaji akanisifu mbele za watu kwamba ndoa yetu imejengwa juu ya maombi, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu kuna jambo ambalo sijui kama ni dhambi kuliandika. Nimejaribu kuomba peke yangu. Nafumba macho, nasema "Bwana," halafu sina la kusema. Nakaa pale mpaka miguu inakufa ganzi. Kumbe miezi yote ile nilikuwa naongea na yeye. Mungu tulimweka katikati kama meza tu. Sasa amebaki Mungu peke yake, mimi na Yeye tunatazamana, na hatujuani vizuri.

Nataka arudi, Bibi. Sina ujanja mwingine, namtaka arudi. Nikienda kwa maneno nitaharibu, mdomo wangu unaujua. Kwa hiyo nimepanga hivi: nipatie tarumbeta la Babu, nifanye mazoezi kufa na kupona, siku ya paa atakuja tu kwa ajili ya watu, nami nitapiga mpaka mwenyewe akubali. Tafadhali vunja kufuli.

Mjukuu wako


15 Mei

Marahaba mume wangu, na pole,

Keti chini. Shangazi yako nimemwambia naumwa tumbo ili niandike kwa nafasi, kwa hiyo ana kikundi chake kizima sebuleni wananiombea tumbo.

Kwanza, lile neno la foleni. Ningekuwa karibu ningekuchapa na kandambili, tena mbele ya mchungaji. Hilo limekwisha.

Pili, ufunguo haujapotea kwa sababu ufunguo haupo. Kufuli haipo. Sanduku lenyewe lipo, nimeweka mablanketi. Tarumbeta la babu yako nililipa mtu wa vyuma chakavu wiki ya pili baada ya mazishi, na akanishukuru. Nilikudanganya tangu Februari. Sasa nikuambie kwa nini.

Babu yako alikuwa anapiga vibaya. Usishtuke. Wewe ulikuwa mtoto, mtoto akisikia kelele anafurahi. Alipiga vibaya kwa miaka thelathini na minane, bila kupumzika na bila kubadilika. Kulikuwa na mahali katika wimbo, kila mara akifika hapo anakosea, palepale, na mbwa wa mtaa mzima wanajua kwamba sasa ndipo wakati wa kubweka. Kwaya walikuwa wanaanza kuimba mapema makusudi wamfunike. Na kila jioni akimaliza ananigeukia, "Vipi leo?" Namwambia, "Umepiga vizuri, baba." Kila jioni. Nilidhani ndiyo mapenzi, kumpaka mtu mafuta hata kama ni kwa mgongo wa chupa.

Alipokuwa anaumwa mwisho, hana nguvu hata ya kushika kikombe, akaniuliza: "Mama, hivi mimi kweli nilikuwa napiga vizuri?" Nikasema, "Vizuri sana." Akacheka mpaka akapaliwa. Akasema, "Muongo wewe. Nilijua tangu mwaka wa pili. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Unasikia? Miaka thelathini na sita mwanamume yule alikuwa anapuliza akisubiri mkewe amwambie ukweli! Nami nilikuwa ndani naziba masikio kwa pamba, nikitoka naichomoa, nasema umepiga vizuri. Tungeweza kuwa tunacheka wote wawili muda wote ule. Nilikasirika mno. Alipokufa nikalitoa lile chuma nyumbani nisilione. Mwezi haujaisha, jioni zikawa kimya, na nikaanza kuuliza kama yule mtu wa vyuma chakavu bado anapita.

Sasa mke mwenzangu hakuchukua hata mwaka. Miezi mitano tu na akasema. Akaogopa, akamwomba Mungu amsaidie kusema, na bado akasema. Wewe umepewa kwa miezi mitano kitu ambacho babu yako alikisubiri mpaka kitanda cha mauti, na umekijibu kwa foleni. Mjinga mkubwa wewe, na nakupenda.

Ndani ya hii bahasha utakuta soksi. Usiitupe. Ndani ya soksi kuna kile kidomo cha kupulizia. Babu yako alikuwa hakiachi, anatembea nacho mfuko wa shati, kwa hiyo mtu wa vyuma chakavu hakukipata. Ukikipuliza peke yake kinalia kama bata. Hicho ndicho urithi wako, na ndicho kinachokufaa. Nenda kwa mke mwenzangu. Mpe na barua hii aisome mwenyewe.

Na usipange maneno. Ukipanga utaharibu.

Mkeo mkubwa,
sasa muungwana


13 Juni

Shikamoo Bibi,

Sisi wazima. Ndiyo, nimeandika sisi. Subiri nikueleze kwa utaratibu, maana nimeharibu katikati kama kawaida yangu.

Barua yako niliisoma mara tatu. Jumamosi nikaoga, nikatia soksi mfukoni, nikaenda mpaka kwa dada yake. Nikabisha, kimya. Lakini nikasikia kandambili zinaburuzwa ndani, nikajua ni yeye, hataki kunifungulia. Nikapiga moyo konde. Nikafumba macho palepale mlangoni, yote mawili, nikaomba kwa sauti: "Bwana, lile neno la foleni nalirudisha. Hakukuwa na foleni. Nilikuwa nimesimama peke yangu, na wewe mwenyewe ulishangaa kwamba nimepata mtu. Mwambie nyumba imenishinda. Mwambie hata kukoroma nimeacha, maana silali." Nikaendelea hivyo muda mrefu, nikalia kidogo, nikamaliza.

Nikasikia sauti nzito: "Amina, shemeji. Ila yeye yuko kwa kinyozi." Nimefumbua macho, ni mume wa dada yake, mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni, na nyuma yake majirani wawili wenye ndoo wanafuta machozi.

Kurudi nyuma siwezi tena, nikaenda kwa kinyozi. Nikamkuta amekaa na mzee wa kanisa aliyekuja kulipiza kisasi, mzee amebakiwa na kete nne na kijasho chembamba kinamtoka. Mke mwenzako hakuinua hata kichwa. Kinyozi akazima mashine. Watu wote wakanitazama, na maneno yote yakanitoka kichwani, yaani sikuwa na hata "habari za hapa." Nikatoa kidomo kwenye soksi, nikapuliza.

Bibi, ni bata kweli. Tena bata mgonjwa. Mteja aliyekuwa kwenye kiti karibu aanguke. Mke mwenzako akainua kichwa, akauma mdomo asicheke, akauliza, "Hicho nacho ni nini?" Nikasema, "Ndicho kilichobaki cha Babu." Nikampa barua yako. Akaisoma palepale, na alipofika pale "Muongo wewe" akajifunika mdomo kwa mkono, wenye rangi nyekundu ya mabasi. Halafu akamwambia mzee wa kanisa apishe kiti. Mzee aliinuka haraka, nadhani alishukuru.

Akapanga kete upya. Akasema bila kuniangalia: "Haya. Sasa niambie mimi. Hapahapa, bila kumpitia Mungu."

Nikamwambia. Nilichomwambia sikuandikii, Bibi, hicho ni cha mke mdogo. Naye akaniambia yake, kwamba jioni ile alilala akihesabu wasichana wote wa kanisani, akijiuliza ni yupi alikuwa nyuma yake. Hilo liliniuma kuliko lile la kuondoka. Kisha akaniambia kwamba tarumbeta langu linafanana na ndama aliyekwama mlangoni, si kitufe cha tatu, ni mimi. Nikacheka. Sijui kwa nini nilikuwa nimeogopa hilo neno. Akanifunga kete zote, mimi nilikula mbili, na moja kati ya hizo alinionea huruma.

Alirudi kesho yake, Jumapili, kabla ya ibada, na msumari mfukoni. Ameupigilia mahali pengine, chini kidogo, eti tundu la zamani limelegea.

Paa limezinduliwa. Tarumbeta nimelirudisha, na mwalimu wa bendi alinikumbatia kwa furaha iliyozidi kiasi. Amenipa matoazi. Napiga mara nne tu ibada nzima, kutwa nahesabu. Nilipotoka nikamuuliza mke mwenzako, "Vipi?" Akasema, "Mbili zilikuwa mahali pake." Nilitembea nyumbani kichwa juu, maana kama ni yeye aliyesema mbili, basi ni mbili.

Jioni tumeomba. Amenishtaki kwa kunyonya kidomo cha Babu kama pipi. Nikasema amina. Je, tukurudishie?

Mumeo mdogo, mwenye mke


25 Juni

Marahaba waume zangu na wake wenzangu, sijui tena nani ni nani humo ndani,

Nimesoma chooni, nimecheka mpaka shangazi yako akagonga mlango akiuliza kama nimepagawa. Jino limetoka. Sasa ni kumi, na hilo moja lipo juu yenu. Huyo mume wa dada yake aliyeitikia amina na mswaki mdomoni, mpelekee salamu zangu. Jogoo hatimaye nilishika kisu, akanitazama, nikarudisha kisu.

Mmefanya vizuri. Sina la kuongeza kwenu. Nina langu dogo, na naliandika kwa sababu kulisema siwezi.

Siku hizi jioni, shangazi yako akienda kwenye kikundi chake, nakaa kwenye kile kiti cha babu yako cha mlangoni, nafumba macho na mimi naomba kama nyinyi. Nasema hivi: "Bwana, samahani, ujumbe si wako. Mwambie huyo mzee uliye naye huko kwamba alikuwa anapiga vibaya. Vibaya sana. Mwambie nimechelewa kumwambia, lakini nimesema. Mwambie pia kwamba hapa jioni inaingia hakuna kitu, hata mbwa hawabweki, na ningetoa meno yote yaliyobaki nimsikie mara moja tu akikosea palepale."

Halafu nanyamaza nangoja. Nimezoea kwamba mtu akimaliza kuna wa kumwitikia. Hakuna anayeitikia. Basi naingia ndani nabandika maji ya chai.

Kidomo kaeni nacho. Mimi ningekipuliza, pumzi hazitoshi.

Mkeo mkubwa


4 Julai

Shikamoo Bibi,

Barua yako imefika leo mchana. Nimemsomea mke mwenzako mezani baada ya kula, wakati wa maombi. Nilipofika kwenye mbwa nikamsukumia karatasi, akamalizia yeye. Kisha amenipokonya kalamu. Mwandiko huu wa chini ni wake, na hiyo alama ya bluu kwenye karatasi ni kidole chake.

Shikamoo Bibi, mke mwenzangu. Amina. Ya kwako ya juzi, na ya zile jioni zote za nyuma, amina. Tunakuja Jumamosi, tutafika jua likishuka. Wewe kaa kwenye kile kiti. Huyu atasimama nje na kidomo, atapuliza, kisha atakuuliza, "Vipi leo?" Utamwambia ukweli. Bodi ya drafti ninayo.